Kikombe Kinapima Maji: Mjadala juu ya Ua la Vinka

Ua lenyewe halitafutwi. Limo kwenye vibaraza vya Tanga na Mombasa, kwenye makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, kandokando ya makaburi, hata kwenye mchanga wa ufukweni ambako mimea mingi hukataa kuota. Lina petali tano, za waridi au nyeupe, mara nyingi na jicho jekundu katikati. Majani yake yanang'aa, na ukivunja shina linatoa utomvu mweupe. Watunza bustani wanaliita vinka; kwa wataalamu wa mimea ni Catharanthus roseus. Asili yake ni Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini.

Ua hilo lina mgogoro. Wapo wanaochemsha majani yake na kuyanywa kwa ajili ya sukari. Wapo wauguzi wanaowadunga watoto wenye saratani dawa iliyotoka kwenye majani hayohayo. Sauti zinazofuata nimezitunga mwenyewe, lakini hoja zake ni za watu halisi: za barazani, za duka la dawa, za foleni ya kliniki. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo ili msomaji asiutafute: majani ya vinka hayafai kunywewa nyumbani. Ila sikubaliani na wanaosema hayafai kwa sababu ni mambo ya kishamba au ushirikina. Hoja hiyo si ya kweli, na inawafanya wagonjwa waanze kuficha.

MGONJWA: Shikamoo, bibi.

BIBI: Marahaba, mwanangu. Anza wewe, mwili unaosemwa ni wako.

MGONJWA: Sukari niligunduliwa nayo nikiwa bado naendesha lori. Vidonge nameza asubuhi na jioni. Bibi naye amekuwa akinipa majani ya vinka, yale ya ua jeupe. Nachemsha, nakunywa kikombe. Ni machungu kama shubiri, lakini naona nafuu. Juzi nikasikia kwamba nakunywa sumu. Basi mniambie leo: ni dawa au ni sumu?

MFAMASIA: Ni vyote viwili, mzee wangu. Taabu yenyewe ndiyo hiyo.

BIBI: Mjukuu wangu, usimtishe mtu mgonjwa. Majani haya sikuyaanza mimi.

MFAMASIA: Sikatai, bibi. Wala hayakuanzia hapa peke yake. Jamaika, Ufilipino, India, Afrika Kusini: watu wasiowahi kuonana walichemsha majani hayohayo kwa ugonjwa huohuo. Ndiyo sababu wataalamu waliyafuata. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, alipokea majani hayo kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa walipokosa insulini. Akampa ndugu yake, Robert Noble, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario. Robert akawanywesha panya maji ya majani. Sukari yao haikushuka.

BIBI: Panya si mtu.

MFAMASIA: Kweli, si mtu. Nao hawakuishia hapo. Walifikiri labda dawa inakwama tumboni, wakawadunga. Baada ya siku chache panya wakaanza kufa, na hawakufa kwa kushuka sukari. Walikufa kwa maambukizi. Miili yao ilijaa majipu. Damu yao ilipopimwa, chembe nyeupe zilikuwa zimepungua mno. Uboho, ule ulio ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ulikuwa umedhoofika.

MGONJWA: Yaani waliondolewa kinga.

MFAMASIA: Ndiyo. Sasa mtu mwingine angetupa majani na kufunga daftari. Robert Noble na mkemia mwenzake, Charles Beer, wakajiuliza swali jingine: kama kitu hiki kinazuia chembe nyeupe zisizaliane, kitafanya nini kwa mtu mwenye saratani ya damu, ambaye chembe zake nyeupe zinazaliana bila breki? Mwaka 1958 wakatangaza dawa waliyoitoa kwenye majani hayo, vinblastini. Wakati huohuo watafiti wa kampuni ya Eli Lilly kule Marekani, nao wakifuata sifa ileile ya kutibu sukari, waliona panya wenye saratani ya damu wanaishi zaidi wakipewa vinka. Huko ndiko ilikotoka vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963.

Hapa namkatiza Mfamasia. Habari hii ya panya husimuliwa kwa namna mbili, na zote mbili zinaniudhi. Wengine huisimulia kuwathibitishia watu kwamba majani yanatibu kila kitu. Wengine huisimulia kuwacheka wazee waliodhani yanatibu sukari. Ninavyoiona mimi, waliochemsha majani hayo Jamaika na kwingineko walikuwa sahihi katika jambo kubwa, kwamba mmea huu una nguvu isiyo ya kawaida. Ambacho hawakuwa na njia ya kukiona ni mahali nguvu hiyo inapokwenda ikishaingia mwilini. Hakuna macho yanayoona uboho ukidhoofika. Panahitajika darubini na tone la damu.

MUUGUZI: Naomba niseme ninachokiona wodini, maana wengi wanalisikia jina la vinkristini tu. Mtoto analetwa ana homa zisizoisha, damu imevurugika. Mwingine taya limevimba mpaka meno yanalegea. Uvimbe huo wa taya unaitwa Burkitt, kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeuandika mwaka 1958, mwaka uleule wa vinblastini. Leo watoto wa namna hiyo wanatibiwa Mulago, Muhimbili na Nairobi, na vinkristini ni mojawapo ya dawa wanazopewa. Nasema mojawapo. Nasikia watu wakisema ua hili peke yake limeponya saratani ya damu ya watoto. Si kweli. Inapona kwa dawa kadhaa zinazopangwa kwa zamu, miezi na miaka, na vinka ina nafasi yake humo.

BIBI: Basi si ndiyo hiyo hiyo? Mnamdunga mtoto majani, mimi mnanikataza kumpa mtu mzima.

MUUGUZI: Bibi yangu, ngoja nikueleze tunavyoidunga. Tunampima mtoto uzito na urefu, tunakokotoa. Hata mtu mzima dozi moja kwa kawaida haizidi miligramu 2. Punje moja ya mchele ina uzito wa miligramu 20 hivi. Kwa hiyo dozi nzima ya mtu mzima ni kama sehemu ya kumi ya punje. Kabla ya kuidunga tunaangalia damu. Inaingia kwenye mshipa tu. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Ikiingizwa kimakosa kwenye maji ya uti wa mgongo, karibu kila mara mgonjwa anakufa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa jambo hilo hilo, na kushauri ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu ili isifanane na sindano za mgongoni. Na baada ya kudunga bado namchunguza mtoto: anaburuza mguu? Choo kimefunga? Taya linauma? Vidole vina ganzi? Nikiona dalili hizo namwita daktari, dozi inapunguzwa.

MGONJWA: Na kikombe changu kina miligramu ngapi?

MFAMASIA: Hakuna awezaye kukwambia, mzee wangu. Kupata gramu 1 tu ya vinblastini kunahitaji zaidi ya kilo 500 za majani makavu, na vinkristini ni adimu kuliko hiyo.

BIBI: Umejifunga mwenyewe, mjukuu wangu! Kama kilo mia tano zinatoa gramu moja, konzi yangu moja ya majani ina nini cha kumdhuru mtu?

Swali hili la Bibi ndilo zuri kuliko yote katika mjadala huu. Wanaokataza mitishamba kwa mdomo mtupu hawalijibu, na kwa kutolijibu wanapoteza haki ya kusikilizwa.

MFAMASIA: Umeuliza sawasawa, bibi, nami nitakujibu bila kuzungusha. Vinkristini iliyomo kwenye konzi yako ni kidogo sana, na ikipita tumboni haiingii vizuri kwenye damu. Ndiyo maana hudungwa. Kwa sababu hiyo, mwenye saratani asijidanganye kwamba chai ya vinka itamtibu. Ndiyo sababu pia wanaokunywa hawaanguki papo hapo. Lakini jani lile halina dawa moja. Mmea huu una kemikali za aina ya alkaloidi zaidi ya 100. Kuna ajmalisini, iliyojaa zaidi mizizini, ambayo inalegeza mishipa na kushusha presha. Zimo zinazogusa neva, zimo zinazogusa uboho. Kiasi chake hubadilika kwa umri wa mmea, kwa ukame, kwa udongo, kwa namna ulivyoanika. Konzi ya Machi si konzi ya Agosti. Na madaktari wa Taiwan wamekwisha kuandika habari za mgonjwa aliyetumia mmea huu kama tiba ya asili, uboho wake ukadhoofika vibaya.

BIBI: Babu wa Loliondo alikuwa na kipimo. Kikombe kimoja, shilingi mia tano, basi. Mimi pia nina kikombe changu.

MFAMASIA: Bibi, kikombe kinapima maji. Kilichomo ndani ya maji hakipimi. Mwaka 2011 watu walipanga foleni ya magari kilomita kwa kilomita kwenda Samunge, kijijini kwa Babu huyo, kunywa kikombe kile, na miongoni mwao walikuwapo walioacha vidonge vyao nyumbani kwa imani kwamba wamepona. Kikombe kilikuwa kimoja kwa wote. Mwenye kilo arobaini na mwenye kilo tisini, mwenye figo nzima na mwenye figo mbovu.

MGONJWA: Lakini mimi nilipima. Jirani ana ile mashine ya kidole. Nilikuta sukari imeshuka.

MFAMASIA: Huenda ilishuka kweli. Kuna majaribio ya panya na sungura ambamo maji ya majani haya yalishusha sukari, tofauti na aliyoyaona Noble. Mmea huu si hadithi tupu. Ila wewe unameza vidonge pia. Vya aina gani?

MGONJWA: Metfomini, na kile kidogo cha asubuhi, glibenklamidi.

MFAMASIA: Hicho kidogo ndicho kinachonitia hofu. Glibenklamidi inalazimisha kongosho litoe insulini hata kama hujala. Ukiongeza juu yake kitu kingine kinachoshusha sukari kwa kiasi kisichojulikana, siku moja utatoka jasho la baridi, mikono itatetemeka, utaongea maneno yasiyoeleweka, na watu watadhani umelewa. Ukiwa peke yako chumbani, usiku, ndiyo basi.

MUUGUZI: Miguu yako je, mzee wangu? Nimeona umevua viatu na unaisugua.

MGONJWA: Inawaka moto. Wakati mwingine siisikii kabisa. Kliniki walisema ni sukari hiyo.

MUUGUZI: Huenda ni sukari. Lakini hiyo ganzi ndiyo ninayowaulizia watoto wangu wodini baada ya vinkristini. Sukari inaharibu neva za miguu, na hizi alkaloidi za vinka nazo zinajulikana kwa kuharibu neva za miguu. Mgonjwa wa sukari anayekunywa vinka amechanganya mambo mawili yenye dalili moja. Daktari akikuuliza, unasema miguu inawaka moto. Anaongeza dawa ya sukari. Hujamwambia kuhusu majani, kwa hiyo halimjii swali. Ganzi ikizidi, unakanyaga msumari usiusikie. Kidonda kinaanza, na vidonda vya miguu ya sukari mnajua vinakoishia.

Sitaki hoja hiyo ya Muuguzi ipite haraka. Kati ya wagonjwa wote ambao wangeweza kujaribu ua hili, mwenye sukari ndiye anayelinywa zaidi, na ndiye anayestahili kulikwepa zaidi. Figo zake huenda zimechoka, neva zake tayari zimeguswa, kinga yake ni dhaifu na vidonda vyake havikauki upesi. Sasa anaongezewa kitu ambacho sifa yake kuu katika sayansi ni kupunguza chembe za damu zinazopigana na vijidudu. Hata kama kwa kikombe kimoja athari ni ndogo, yeye halinywi kikombe kimoja. Analinywa mwaka.

BIBI: Mnasema kana kwamba dawa za hospitali zimeshuka kutoka mbinguni. Hizo nazo si zimetoka porini?

MFAMASIA: Zimetoka, bibi. Hii metfomini anayomeza mzee wetu ina ukoo na ua. Kuna mmea wa Ulaya, Galega officinalis, maua yake ni ya zambarau hafifu au meupe. Ndani yake waligundua kitu kinachoitwa galegini. Kilishusha sukari, lakini kilikuwa na sumu. Kondoo wakila mmea ule wengi wanakufa. Wakemia wakatengeneza vitu vya jamii hiyo, wakavipima kimoja kimoja, wakatafuta kile chenye faida kubwa na madhara madogo. Mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akachapisha matokeo ya metfomini kwa wagonjwa. Leo inamezwa na mamilioni ya watu kila siku. Hakuna anayemwambia mgonjwa achemshe galega.

BIBI: Hilo sikulijua. Hata kidonge chao kina bibi yake.

MFAMASIA: Kina bibi, na bibi huyo alikuwa mkali. Hata hii vinka, tazama ukoo wake. Ni jamii moja na olianda ya barabarani, jamii moja na ule mti ambao Wagiriama na Wakamba waliuchemsha kupata sumu ya mishale. Utomvu mweupe mnauona wenyewe. Waulize wenye mbuzi.

BIBI: Mbuzi haligusi, ni kweli. Anakula hata karatasi, lakini hilo analiruka.

MUUGUZI: Na kuna jambo ambalo kwangu halina mjadala. Mjamzito asiguse mmea huu, wala mama anayenyonyesha, wala mtoto mdogo. Vitu vinavyozuia chembe zisigawanyike havina mahali tumboni mwa mama, kwa sababu kule tumboni kazi yote ni chembe kugawanyika.

BIBI: Mjamzito sijawahi kumpa, na sitampa. Machungu yote namkataza, hiyo ni kanuni niliyoachiwa na mama yangu. Lakini nami nina langu, sista, usiniudhikie. Huyu baba alikuja kwangu kwa sababu gani? Hakuanzia kwangu. Alikwenda kliniki alfajiri, akarudi jua la saa saba, ameambiwa dawa hakuna, akanunue mjini. Aliposema miguu inawaka aliambiwa ni umri. Kwangu alikaa, nikamsikiliza, nikamgusa ile miguu. Mkitaka aache majani, mpeni sababu ya kukaa kwenu.

MGONJWA: Nimwongezee bibi. Niliwahi kutaja majani mbele ya nesi mmoja. Alinifokea mbele ya foleni nzima. Tangu siku hiyo nikiulizwa natumia nini, natoa karatasi ya vidonge, basi.

MUUGUZI: Hilo naliona aibu kwa niaba ya wenzangu. Aliyekufokea alidhani anakulinda. Kumbe alilofanya ni kuifuta kwenye faili lako habari ambayo ingeweza kukuokoa.

BIBI: Mficha uchi hazai. Lakini na anayemcheka mwenye uchi, je?

Kwa upande huu nipo na Bibi kabisa. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, ina baraza la kusajili waganga, ina taasisi ya utafiti wa tiba asili pale Muhimbili. Kwenye karatasi, mganga na daktari walikwisha kukaa meza moja. Foleni ya kliniki bado haijapata habari. Swali la "unatumia na majani gani?" lilipaswa kuulizwa kwa kila mgonjwa wa sukari, kwa sauti ileile ya kuuliza jina na umri. Halina gharama.

MGONJWA: Kuna jambo limeniingia. Hao Wabukini wenye ua lao, walipata nini?

MFAMASIA: Kwa dawa zile za mwanzo, hakuna malipo yaliyorudi Madagaska, wala Jamaika iliyotoa majani yaliyowafikia akina Noble. Siku hizo hapakuwa na mkataba wa kuwabana. Mkataba wa Bioanuai ulikuja mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya juu ya kugawana manufaa mwaka 2010. Kusini mwa Madagaska wapo wanavijiji waliokuwa wakivuna majani na mizizi na kuiuza kwa uzito kwa ajili ya viwanda vya ng'ambo.

BIBI: Walinunua kwa kilo, wakauza kwa punje. Ndiyo maana tukisikia "acheni majani, tuleteeni sisi," tunashtuka.

MFAMASIA: Una haki ya kushtuka. Ila deni la kampuni, bibi, huyu baba hawezi kulilipa kwa figo zake.

BIBI: Hapo umenipata. Sasa nisikilize. Ua la bustanini sing'oi. Ni zuri, linavumilia jua, na halina kosa. Mjamzito na mtoto sikuwapa tangu zamani. Mwenye vidonge kama hiki kidogo cha asubuhi sitampa tena, hilo nimelielewa. Lakini yule asiye na kidonge chochote, ambaye dawa kwenye zahanati yake haipo, akija mlangoni kwangu nimwambie nini?

MFAMASIA: Umpeleke hospitali.

BIBI: Ametoka huko.

MUUGUZI: Umlete kwangu, bibi, na uje naye. Nitampima sukari na presha, na kama dawa haipo nitakwambia ipo zahanati gani nyingine. Na majani mengine unayotoa, hata yasiyo vinka, nitajie yote niyaandike kwenye faili lake. Sitafoka.

BIBI: Nitakuja. Ukifoka, narudi na mgonjwa wangu.

MFAMASIA: Na vinka?

BIBI: Vinka nasimamisha mpaka mniletee jibu la maabara la majani yangu mwenyewe, haya ya Tanga, siyo ya panya wa Kanada.

MFAMASIA: Jibu hilo haliji mwezi huu wala mwaka huu, bibi. Mimi nasema uyaache moja kwa moja.

BIBI: Nimekusikia, mjukuu wangu. Nimesema nasimamisha.

MGONJWA: Mimi je? Leo jioni nisinywe?

MUUGUZI: Leo jioni usinywe. Vidonge endelea navyo kama ulivyoandikiwa, usivipunguze wala usiviongeze kufidia majani. Kesho asubuhi, kabla ya chai, uje tukupime sukari na damu kamili. Na uje umevaa viatu vilivyofunika vidole.